Saa Sita Ipi?

Dada yangu akipenda jambo hulitangaza mtaa mzima, na mwaka huu jambo alilolipenda kuliko yote ni kwamba mdogo wake anaiona bahari kutoka juu. "Mdogo wangu akisema maji hayaji, hayaji," aliwaambia wateja wake, pini zikiwa mdomoni. Nilimkataza. Nilimwambia, dada, mimi sioni chochote, nakaa ofisini natazama kompyuta mpaka macho yanawasha. Akacheka tu. Na sikumkataza kwa nguvu hivyo, tusidanganyane. Sifa ni tamu bwana.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna setilaiti inayopita juu yetu kila baada ya siku kadhaa, na daima hupita alfajiri, saa kumi na mbili. Watu wanadhani ni kamera. Siyo kamera, ni rada: inarusha mawimbi chini halafu inasikiliza mwangwi, na haijali mawingu wala giza. Maji yaliyotulia hayarudishi mwangwi, kwa hiyo kwenye picha huwa meusi tii. Tope na mchanga hurudisha kidogo, huwa kijivu. Chuma na ukuta hurudisha kwa kelele, huwa vyeupe pe. Mimi nachora mstari pale weusi unapoishia, nauweka juu ya mstari wa mwaka jana, naangalia bahari imetusogelea kiasi gani. Lakini mstari huo hauna maana yoyote kama hujui maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa wakati rada inapita. Kwa hiyo kuna mzee mmoja gatini, mpimaji wa maji, anayetutumia saa za kujaa na kukupwa. Nazilisha kompyuta, kompyuta inapanga picha: hizi za kujaa, hizi za kupwa. Basi. Mtu yeyote mwenye subira anaweza, ila mimi subira sina, nina mshahara.

Dada ni fundi cherehani. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa anatafuta chumba cha kazi, na mwenye lile ghala la zamani la ufukweni alikuwa amelikatakata likawa vyumba vya biashara. Mlango unatazama barabara, na nyuma kuna ukuta mrefu usio na hata dirisha moja, na nyuma ya ukuta ndiyo bahari. Dada aliniuliza Jumapili moja huku akinipima sketi, kwa hiyo nilikuwa nimesimama kama mlingoti siwezi hata kujikuna.

"Mdogo wangu, nichukue kile chumba?"

Kesho yake nilizifungua picha za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kundi la maji kujaa. Mstari ulikuwa mbali kabisa na ghala. Nikampigia simu. "Chukua," nikasema. "Hata bamvua lije na ndugu zake wote, halifiki ukutani."

Akachukua. Na kwa kuwa ulimi wake hauna breki, akamvuta na rafiki yake achukue chumba cha pili, mwanamke mmoja mfugaji ambaye mtaa wote unamwita Mama Vifaranga. Huyu alikuwa ametoka kununua mashine ya kutotolesha mayai, kabati kubwa la mbao na bati, zito kama deni la ukoo. Aliogopa maji. Alikuja mwenyewe kuniuliza. Nikamwambia asiogope.

Ikawa Jumanne ya wiki iliyopita. Mkuu wangu wa kitengo, tunamwita Kiyoyozi kwa sababu rimoti ya kiyoyozi hutembea nayo mfukoni na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kupoa, alitaka picha moja nzuri ya kalenda ya ofisi. "Tafuta yenye mvuto," alisema. Miaka yote natazama mistari, picha yenyewe sitazami. Nani ana muda? Siku hiyo nikaikuza. Ilikuwa ya bamvua, imeandikwa "maji kujaa". Na katikati yake, jeupe pe, limekaa tishari bovu, lile chombo cha chuma cha kubebea mizigo.

Tishari lile nalijua. Lilikwama pale kabla sijazaliwa. Mimi na dada tulikuwa tukipiga mbizi kutoka kwenye ukingo wake maji yakijaa, na yakikupwa tunalizunguka kwa miguu tukitafuta kaa. Sasa kwenye picha yangu ya "maji kujaa" tishari limezungukwa na kijivu pande zote. Tope tupu. Limekauka mpaka tumbo.

Nikampigia mpimaji wa maji.

"Shikamoo mzee. Samahani, bamvua lile umeandika kujaa ni saa sita. Ni saa sita ipi?"

"Marahaba. Saa sita ipi vipi?"

"Ya asubuhi au ya mchana?"

"Binti, kuna saa sita ya asubuhi?" Akaanza kucheka, akapaliwa, nikamsikia anaitisha maji ya kunywa.

Hakuna saa sita ya asubuhi. Hata mtoto anajua. Mimi nilifundishwa saa na dada yangu huyu huyu, kwa saa ya ukutani iliyopasuka kioo: mshale mfupi ukiwa juu kabisa kwenye kumi na mbili, sisi tunasema sita. Mzee aliandika sita akimaanisha jua la utosini. Mimi nikaichukua sita yake nikaitia kwenye kompyuta kavu kavu, na kompyuta inahesabu kizungu, ikaelewa alfajiri, ile ile saa inayopita setilaiti. Na maji, kutoka kujaa mpaka kukupwa, huchukua saa sita na ushee. Unaona balaa hilo? Laiti ningekosea kwa saa mbili, picha zingevurugika, ningeshtuka mapema. Nilikosea kwa kiasi kile kile cha kuligeuza kundi zima, kujaa likawa kupwa na kupwa likawa kujaa, na kila kitu kikakaa sawa kabisa.

Nikazigeuza picha kama inavyotakiwa. Mstari wa kweli wa maji kujaa uliruka kutoka baharini ukaja kuegemea ukuta wa ghala. Na kila mwaka ulikuwa unasogea. Bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka lilikuwa Alhamisi, saa sita mchana.

Nilikwenda kwa Kiyoyozi. Alinisikiliza, akapunguza baridi, akafikiri.

"Ile ramani tuliyoitoa tumeiandika vipi? Si tumeandika 'mstari wa pwani'?"

"Ndiyo."

"Haya. Pwani ni nini? Ni pale maji yalipokupwa. Neno lenyewe linasema." Alitabasamu kama mtu aliyepata noti kwenye koti la zamani. "Kwa hiyo kitaalamu hatujakosea. Tutarekebisha toleo lijalo. Usiseme nje mpaka tuhakikishe, tutaaibika bure."

Ningependa kumbebesha Kiyoyozi mzigo huu. Ni mnene, ana mabega, angeubeba. Lakini sikuhitaji ruhusa yake kumpigia dada yangu simu. Nilikuwa na simu, nilikuwa na salio, nilikuwa na mdomo, na mdomo huo huwa haukosi la kusema. Sikupiga. Niliwaza jinsi dada atakavyoshusha pini mdomoni na kuniangalia. Niliwaza mtaa mzima ukiambiwa, kumbe yule wa kuona kutoka juu hajui hata kusoma saa. Nikaona bora nitafute njia ya kumwokoa bila kujivua nguo.

Jumatano baada ya kazi nikafika ghalani na mkokoteni wa matofali.

"Makubwa!" dada alisema. "Unajenga?"

"Simenti ya hii sakafu bado mbichi," nilisema. "Inatoa unyevu. Vyerehani vitashika kutu. Tuviinue."

"Tangu lini wewe ukajua kutu? Wewe unayekaushia vijiko mvuani?"

Lakini aliniamini, kama kawaida yake. Tuliinua vyerehani vyote, matofali mawili mawili kila mguu. Vitambaa nilivipandisha rafu ya juu, waya wa umeme nikauning'iniza kwenye msumari. Dada alikuwa anashona sare za shule, amefurahi, anaimba kwa sauti yake ile mbaya, ananitania kwamba nimekosa mume wa kumsumbua ndiyo maana nasumbua samani. Nilicheka.

Mama Vifaranga akachungulia mlangoni. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Njoo, njoo usikie kitu."

Alinishika mkono akanipeleka kwake. Kulikuwa na joto zuri mle ndani, na harufu ya pumba. Alinikalisha chini kwenye sakafu, mbele ya mashine, akaniambia niweke sikio hapa, kwenye trei ya chini. Mayai yakikaribia kutotolewa, alinieleza, hushushwa trei ya chini kabisa ili vifaranga vikitoka visianguke. Nikaweka sikio.

Yalikuwa yanalia. Mayai mazima, hayajapasuka, na ndani yake sauti nyembamba, moja hapa, nyingine pale, zinajibizana.

"Ijumaa wanatoka," alisema. Alikuwa ananong'ona kama kuna mtu amelala. "Ndiyo wa kwanza kwenye mashine hii. Wote wameshapata wanunuzi." Halafu akainuka, akajishika kiuno, akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona joto masikioni. "Nimeona mnainua vyerehani kwa ajili ya kutu. Na hii yangu je, tuiinue?"

Hapo. Hapo hapo mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba ndiye aliyenifungulia. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Lakini kuiinua ile mashine kungehitaji wanaume wanne, na kuizima, na kuwashtua wale waliomo, na hakuna mtu anayefanya hayo yote kwa sababu ya kutu. Ningelazimika kusema kweli. Na nilikuwa nimeshamdanganya dada dakika chache zilizopita, ukuta mmoja tu katikati.

"Yako ni ya mbao, mama," nilisema. "Haina shida."

"Haya, ahsante mwanangu. Nyinyi wenye elimu mnatusaidia."

Nilijiambia labda upepo utakuwa mzuri. Nilijiambia labda ukuta utazuia. Mwongo hukosa kila kitu ila labda.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikafika ghalani saa nne. Nilikuwa nimekata shauri kusema. Niliketi kwenye stuli ya dada nikamtazama akipiga pasi, nikasema "Dada," akasema "Naam," nikasema "Una maji ya kunywa?" Akanipa. Nikasema "Dada" tena, akaingia mteja wa kupunguza suruali. Saa tano ikapita hivyo, na kila mteja aliyeingia nilimshukuru moyoni, na kila alipotoka nilimchukia.

Maji hayakuja na kishindo. Yalianzia kwenye mfereji wa choo, yakapanda taratibu, safi tu, na jani moja linaelea. Kisha yakatoka chini ya ukuta wa nyuma, kwenye ufa ambao hakuna aliyewahi kuuona. Dada alidhani bomba limepasuka. Alipoona na barabarani yamejaa, alipiga yowe akakimbilia swichi kubwa akazima umeme wa jengo zima. Dakika chache yakawa kifundoni, yakapanda mpaka katikati ya muundi, yakasimama. Yalikaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga, halafu yakaanza kurudi.

Mimi nilikuwa kwa Mama Vifaranga. Nilikimbilia kule kabla ya dada kupiga yowe, na nadhani hilo nalo alikuja kulikumbuka baadaye. Tulijaribu kuinua mashine, mimi na yeye na fundi viatu wa chumba cha tatu. Haikutikisika. Tukafungua mlango wake tuvute trei, trei ya chini imevimba ubao, imeng'ang'ana, na maji yanaingia kwa pembeni. Ilipokuja kutoka ilikuwa imejaa maji, mayai yanagonganagonga. Sauti zilikuwepo. Nilizisikia. Halafu zikawa chache.

Maji yalipokwisha kutoka, watu wakakusanyika kwa dada. Kila chumba kilikuwa kimelowa, viatu vya fundi vinaelea, lakini vyerehani vya dada vimesimama juu ya matofali vikavu, sare zimekaa rafuni zimenyooka.

"Aisee! Huyu mdogo wako ni kiboko," fundi viatu alisema, anakamua soksi. "Ameona! Amekaa kule juu akaona, akaja na matofali yake. Una bahati wewe mama."

"Mdogo wangu huyu," dada alianza, uso umechanua, amejaza kifua kama afanyavyo siku zote, "mdogo wangu akisema..."

Alikuwa anatazama matofali. Nilimwona akitazama la kwanza, na la pili, na waya wa umeme juu ya msumari. Kisha akanitazama mimi. Kifua kikashuka.

"Kutu," alisema.

Fundi viatu alikuwa bado ananisifu, anataka namba yangu ya simu ili wakati mwingine nimwambie na yeye. Dada alinisogelea, akanishika kiwiko.

"Ulijua tangu lini?"

"Juzi."

"Na jana ulipokwenda kwake, ulijua."

"Nilijua."

"Mimi ndiye niliyemleta hapa," alisema. "Kwa mdomo wangu. Nenda ukamwambie. Na usiseme kwa kuzungukazunguka, maana nitasimama mlangoni."

Mama Vifaranga alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga imelowa mpaka magotini, trei mbele yake. Alikuwa anachukua yai moja moja, anaweka sikioni, anatikisa kichwa, anaweka pembeni. Hakulia. Aliponiona alisogea kunipa nafasi.

"Afadhali umekuja. Masikio yangu yamezeeka. Nisikilizie."

Akanipa yai. Niliweka sikioni. Hakuna kitu. Akanipa lingine, la tatu, la nne, kila moja ni zito na baridi, na mimi ambaye kazi yangu yote ni mwangwi nilikuwa natega sikio na hakirudi kitu. Alikuwa ananipa kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayempa mtu chai.

Lililofuata liligonga. Mara moja, kwa ndani. Nilidhani ni moyo wangu. Likagonga tena, na nyuma yake ile sauti nyembamba.

"Hili," nilisema.

Uso wake ukafunguka. Akaweka mikono kifuani, akasema, "Mungu akubariki mwanangu," na hapo ndipo nilipomwambia, kwa sababu baraka ile ningeimeza ningekufa nayo. Nilimwambia yote. Saa sita ya mzee na saa sita ya kompyuta. Jumanne. Matofali. Kwamba jana aliponiuliza kama aiinue, nilijua maji yanakuja, nilijua na saa yake, na nikasema ni ya mbao haina shida kwa kuogopa kuchekwa.

Hakupandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitazama ukuta uliolowa. Kisha akanyoosha mkono.

"Hilo nipe mimi," alisema.

Nikampa. Alilifunika kwa ncha kavu ya kanga ya begani, akaliweka kifuani upande wa ndani, akafunga.

"Na kesho yatakuja?"

"Yatakuja. Karibu kama ya leo."

"Saa ngapi?"

"Saa saba kasorobo."

"Saa saba ipi?"

"Ya mchana, mama."

Halafu akageuza shingo mlangoni, alikosimama dada yangu ameshika tofali kila mkono, la kwanza na la pili kati ya yale aliyokwisha kuyatoa chini ya vyerehani vyake.

"Eti ni kweli?" alimwuliza.

Nilimngoja dada aseme lile neno lake. Aliweka matofali chini, taratibu, pembeni ya mguu wa mashine.

"Sijui," alisema. "Tutakaa hapa tuone wenyewe."